Mwitiko wa Hadhira ya Mbali katika Mawasilisho ya Biashara kwa Njia ya Mtandao

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwasilishaji wa hoja za kibiashara anavyoweza kuishirikisha hadhira asiyokaa nayo mahali pamoja. Hoja kuu ni kwamba tatizo la msingi la uwasilishaji wa mtandaoni ni kukatika kwa njia inayomrudishia msemaji mwitiko wa wasikilizaji wake. Uhafifu wa picha na upungufu wa uchangamfu wa msemaji ni matatizo ya daraja la pili. Kwa kuongozwa na maelezo ya Clark na Brennan (1991) kuhusu ujenzi wa maelewano katika mazungumzo, na kwa kurejelea kaida za fanani na hadhira katika fasihi simulizi ya Kiswahili, makala yanaonesha kwamba mwitiko ambao ukumbini huja wenyewe hauna budi kupangwa mapema mtandaoni. Kanuni zinazotokana na hoja hiyo zinafafanuliwa kwa mfano wa chama cha ushirika kinachotafuta soko la kahawa yake nje ya nchi.

1.0 Utangulizi

Mazungumzo ya picha na sauti baina ya watu walio mbali hayakuanza katika karne hii. Kampuni ya AT&T ilionesha simu ya picha katika Maonesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ilianza kuiuza huduma hiyo mjini Pittsburgh, ingawa haikupata wateja wa kutosha. Kwa miaka mingi iliyofuata, mkutano wa video ulibaki kuwa shughuli ya taasisi kubwa zenye vyumba maalumu. Hali ilibadilika kwa ghafla baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Kampuni ya Zoom ilieleza kwamba washiriki wa mikutano yake kwa siku waliongezeka kutoka takribani milioni 10 mwezi Desemba 2019 hadi zaidi ya milioni 200 mwezi Machi 2020. Safari ziliposimama, wauzaji, wazabuni na waombaji wa mitaji walilazimika kuifanyia kwenye skrini kazi waliyozoea kuifanyia mezani.

Janga lilipopungua, desturi hiyo haikuondoka, kwa sababu iliondoa gharama ambayo kwa wengi ilikuwa kizuizi. Mjasiriamali wa Arusha anaweza sasa kujieleza kwa mwekezaji aliye London bila kukata tiketi ya ndege wala kuomba viza. Hata hivyo, unafuu huo una upande wa pili. Aliyesafiri hupata chakula cha mchana pamoja na mwenyeji wake, hupata maongezi ya korido, na hupata nafasi ya kurekebisha lililoeleweka vibaya. Aliyewasilisha mtandaoni hupewa dakika 30 au 40, kisha skrini huzimika. Kama hoja yake haikueleweka, huenda asijue kamwe kwamba haikueleweka. Hupokea tu barua pepe fupi ya shukrani, au hapokei chochote.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wawasilishaji wa namna hii huhusu mwonekano: mwanga utoke mbele, mandhari ya nyuma yawe safi, macho yaelekee kwenye kamera, sauti ichangamke. Ushauri huo ni sahihi, lakini haugusi kiini cha tatizo. Mwasilishaji anaweza kuyatimiza yote hayo na bado akazungumza dakika 40 na watu waliokwisha kumwacha tangu dakika ya sita. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuizuia.

2.0 Msingi wa Kinadharia

2.1 Maelewano Hujengwa na Pande Mbili

Herbert Clark na Susan Brennan (1991) wanaeleza kwamba mazungumzo ni kazi ya pamoja. Kauli haihesabiwi kuwa imekamilika kwa sababu tu imetamkwa. Hukamilika pale msemaji na msikilizaji wanapopata ushahidi wa kutosha, kwa kiwango kinachohitajiwa na shughuli iliyopo, kwamba imeeleweka. Ushahidi huo huweza kuwa neno, tendo linalofaa, au kule kuendelea tu kutega sikio na kutazama.

Wataalamu hao wanabainisha sifa nane zinazotofautisha njia za mawasiliano. Sita kati yake zinapatikana kwa watu wanaozungumza ana kwa ana: kuwapo mahali pamoja, kuonana, kusikizana, kupokea ujumbe papo hapo, kuweza kutoa na kupokea ujumbe kwa wakati mmoja, na kupokezana zamu kwa mfuatano usiovurugika. Sifa mbili zilizobaki, yaani kuweza kuurejea ujumbe na kuweza kuuhariri kabla ya kuutuma, ni za maandishi. Katika uainishaji huo, mkutano wa video unapungukiwa na sifa moja tu ya mazungumzo ya ana kwa ana, nayo ni kuwapo mahali pamoja. Simu ya kawaida inapungukiwa na mbili, kwa kuwa wazungumzaji hawaonani.

Kwa kigezo hicho, mkutano wa video ungetarajiwa kuwa bora kuliko simu. Uainishaji huo, hata hivyo, unahusu chombo kinavyoweza kutumika, na matumizi halisi huenda tofauti. Katika mawasilisho mengi ya biashara, wasikilizaji hutakiwa kuzima vipaza sauti ili kelele zisiingie, na wengi huzima pia kamera. Hapo kuonana hugeuka kuonwa, na kusikizana hugeuka kusikiwa. Msemaji anaonekana lakini haoni, anasikika lakini hasikii. Mwasilishaji aliye mbele ya visanduku 20 vyeusi, kwa hiyo, ana ushahidi mdogo wa kueleweka kuliko mtu anayezungumza na jamaa yake kwa simu ya kitochi.

Ulinganisho na simu unafaa kuendelezwa, kwa kuwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaujua vizuri. Anayesimulia jambo kwa simu hutarajia kusikia “ehee”, “naam” au “enhe” kila baada ya kauli chache. Viitikio hivyo vikikoma, hata kwa sekunde chache, msimuliaji husita na kuuliza: “Upo?” Hamalizi habari yake bila kujibiwa “nipo”. Mtandaoni, mtu huyohuyo huzungumza nusu saa bila kiitikio hata kimoja, na ukimya ambao kwenye simu ungemshtua, hapo huuona kuwa utaratibu.

2.2 Fanani na Hadhira

Fasihi simulizi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Fanani hamwagi hadithi juu ya hadhira iliyonyamaza. Hutamka “Paukwa!” na kungoja “Pakawa!”. Mwitiko huo haumwongezei mtu habari yoyote, lakini unathibitisha kwamba wasikilizaji wamekusanyika, wako macho, na wamekubali kusimuliwa. Ukijibiwa kwa unyonge, fanani hurudia.

Utegaji wa vitendawili huenda mbali zaidi. Mtegaji husema “Kitendawili!” na hadhira hujibu “Tega!”, yaani humpa ruhusa. Hadhira ikishindwa kufumbua, mtegaji hudai apewe mji, na jibu halitolewi mpaka mji utolewe. Mwitiko hapa una gharama na una matokeo: kinachosemwa na hadhira kinaamua kitakachofuata. Tofauti baina ya “Paukwa” na “Kitendawili” itatumika baadaye katika makala haya kupambanua mwitiko unaothibitisha kuwapo na mwitiko unaothibitisha kuelewa.

3.0 Vikwazo vya Mwitiko Mtandaoni

3.1 Kuchelewa kwa Sauti

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, zamu hupokezanwa kwa kasi kubwa. Utafiti wa Stivers na wenzake (2009) uliochunguza lugha 10 za mabara mbalimbali ulibaini kwamba, kwa wastani, jibu la swali huanza baada ya takribani milisekunde 200. Mtandao huongeza muda wake juu ya huo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, linachukulia kwamba ucheleweshaji wa hadi milisekunde 150 kwa upande mmoja haudhuru matumizi mengi ya sauti. Hata katika kiwango hicho kinachokubalika, swali na jibu kwa pamoja huongezewa milisekunde 300, muda unaozidi ule ambao wasemaji wamezoea kuungoja.

Kwa aliyezima kipaza sauti, kuna muda mwingine zaidi: wa kuamua kujibu, kutafuta kitufe, kukibonyeza, na kuangalia kama hakuna mwingine aliyeanza. Kwa hiyo mwasilishaji anayeuliza “Kuna swali?”, akangoja sekunde mbili, kisha akasema “Basi tunaendelea”, hakuuliza kwa kweli. Alifunga mlango wakati mgeni angali akivua viatu barazani.

3.2 Uchovu

Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford (2021) alitoa hoja nne kueleza uchovu wa mikutano ya video: nyuso kutazamana kwa karibu na kwa muda mrefu kupita kawaida, juhudi ya ziada ya kutoa na kusoma ishara za mwili, mtu kujitazama mwenyewe kama aliye mbele ya kioo, na mwili kufungwa katika eneo dogo linaloonwa na kamera. Mwaka huohuo, Shockley na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kazini kwa wiki nne na kuhusisha wafanyakazi 103. Walibaini kwamba kuwasha kamera kulihusiana na uchovu zaidi, na kwamba uchovu huo uliwaelemea zaidi wanawake na wafanyakazi wapya. Uchovu nao ulihusiana na kupungua kwa ushiriki na kwa utoaji wa maoni.

Matokeo haya yanadhoofisha dawa inayopendwa na wengi, yaani kuwaamuru washiriki wote wawashe kamera. Uso unaoonekana si ushahidi kwamba mwenyewe anafuatilia, na amri hiyo huweza kupunguza kilekile inachokusudia kuongeza. Kwa washiriki wanaolipia bando, video huongeza pia gharama, kwa kuwa inakula data nyingi mno kuliko sauti pekee.

3.3 Heshima na Madaraka

Kikwazo cha tatu ni cha kijamii. Katika taasisi nyingi za Afrika Mashariki, mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa, na mgeni hakosolewi hadharani. Ukumbini, mwasilishaji mzoefu huyasoma yaliyositirika: mhasibu aliyekunja uso kwenye jedwali la gharama, au mkurugenzi aliyemnong’oneza msaidizi wake. Mtandaoni ishara hizo hazifiki. Hubaki ukimya mmoja unaobeba maana nyingi: kukubali, kutoelewa, kutoafiki, kukatika kwa mtandao, au kuondoka mezani. Kosa linalogharimu zaidi katika mawasilisho ya mbali ni kuutafsiri ukimya huo kuwa ridhaa.

4.0 Kanuni za Kuupanga Mwitiko

Ili kufafanua kanuni zinazofuata, makala yanatumia mfano wa kufikirika. Chukulia chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, kinachotaka kuwauzia moja kwa moja wanunuzi wawili, mmoja akiwa Hamburg na mwingine Tokyo. Katika biashara ya kahawa maalumu, kahawa hupimwa kwa kuonjwa, na ile inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 ndiyo huhesabiwa katika daraja hilo. Bei ya mkulima inategemea mnunuzi aamini alama hizo. Chama kina saa moja ya mkutano wa video kumwaminisha.

4.1 Kabla ya Mkutano: Kuwapa Wasikilizaji Kitu Mkononi

Mwitiko huanza kabla ya siku ya mkutano. Chama kinaweza kuituma sampuli ya kahawa mbichi mapema kwa wanunuzi wote wawili, pamoja na ukurasa mmoja unaotaja kiasi kilichopo, mwinuko wa mashamba, namna kahawa ilivyochakatwa, na bei inayopendekezwa. Ukurasa huo uishie kwa swali moja litakaloanzisha mkutano. Kwa mfano: “Ni jambo gani katika sampuli hii lingewazuia kuinunua?” Msikilizaji aliyekwisha kuandaa jibu hahitaji kushawishiwa ashiriki, anangoja zamu yake.

Muda nao unahitaji uangalifu. Saa 4:00 asubuhi ya Mbinga ni saa 10:00 jioni ya Tokyo kwa hesabu ya Kiswahili, lakini kwa saa ya kimataifa ni 10:00 na 16:00. Hamburg hutofautiana na Tanzania kwa saa moja wakati wa kiangazi cha Ulaya na kwa saa mbili wakati wa baridi. Mwaliko unaoandikwa “saa 4” na kutafsiriwa bila kugeuza hesabu utamfanya mgeni angoje saa 4 za usiku wake wa manane. Njia salama ni kuandika muda kwa saa 24 na kutaja mji wa kila mshiriki.

4.2 Mwanzo: Kuitikiana Kabla ya Kusimulia

Swali la kwanza la mikutano mingi ni “Mnanisikia?” Swali hilo hupima chombo, halimpimi msikilizaji. Linafaa kuulizwa kabla ya muda rasmi, likahusisha msaidizi mmoja, na lisiwe ndilo neno la ufunguzi. Ufunguzi wenyewe ufanye kazi ya “Paukwa”: uombe mwitiko mwepesi ambao kila mtu anaweza kuutoa bila hofu ya kukosea. Katika mfano huu, mwenyekiti wa chama anaweza kumwomba kila mshiriki ataje jina, mahali alipo, na aina ya kahawa anayoiuza zaidi. Wakiwa wengi, waandike katika sehemu ya ujumbe. Kinachotafutwa ni kuvunja ukimya mapema, kwa kuwa aliyekwisha kusikika mara moja husema tena kwa wepesi zaidi.

Baada ya hapo, mwasilishaji ataje uamuzi unaotarajiwa. Hadhira ya mbali haina mazingira yanayoikumbusha kwa nini imekusanyika. Kauli kama “Mwisho wa saa hii tungependa kujua kama mtachukua magunia 60 kwa majaribio” humfanya kila msikilizaji asikilize kwa kusudi.

4.3 Katikati: Vipande Vifupi Vinavyofungwa kwa Tendo

Wasilisho la mbali halifai kuwa hotuba moja ndefu inayofuatiwa na maswali. Ligawanywe katika vipande vya dakika chache, na kila kipande kifungwe kwa jambo ambalo hadhira inalifanya. Katika mfano wa kahawa, tendo lenye nguvu kuliko yote ni kuonja pamoja. Kwa utaratibu unaotumika katika upimaji, gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa huwekwa katika kila mililita 150 za maji ya moto, na tabaka linaloelea juu huvunjwa kwa kijiko baada ya dakika 4 hivi. Wanunuzi wakifanya hivyo Hamburg na Tokyo kwa wakati uleule ambao mwonjaji wa chama anafanya Mbinga, dakika hizo nne za kungoja huwa nafasi ya kueleza mashamba. Baada ya hapo kila mmoja hutaja alama yake kabla ya chama kutaja yake. Hapo mwasilishaji hana haja ya kukisia kama anafuatwa. Alama zikitofautiana, mazungumzo yanayofuata ndiyo biashara yenyewe.

Si kila bidhaa inaonjwa, lakini kila hoja ina mahali ambapo msikilizaji anaweza kukadiria, kuchagua au kuhesabu. Mwuzaji wa mfumo wa uhasibu anaweza kuwaomba wateja wakadirie saa wanazotumia kufunga hesabu za mwezi kabla hajawaonesha takwimu zake. Hapa ndipo funzo la kitendawili linapohitajika: mwitiko uwe na matokeo. Kura ya papo kwa papo ambayo matokeo yake hayabadilishi slaidi inayofuata ni pambo, na hadhira huligundua hilo upesi. Kura inayoulizia “Tuanze na bei au na usafirishaji?” ni ya kweli ikiwa mwasilishaji yuko tayari kuanza na lolote.

Slaidi nazo zihudumie kipande kilichopo. Tafiti za Richard Mayer kuhusu ujifunzaji kwa njia ya picha na sauti zimeonesha kwamba watu huelewa zaidi wanapopewa picha na maelezo ya mdomo kuliko wanapopewa picha, maelezo ya mdomo, na maandishi yaleyale kwenye skrini. Mwasilishaji anayesoma slaidi humshindanisha msikilizaji na yeye mwenyewe. Kwa wanaotazama kupitia simu janja, maandishi madogo ya jedwali hayasomeki kabisa. Jedwali hilo litumwe kama waraka, na skrini ioneshe tarakimu moja inayojadiliwa.

Swali likiulizwa, lingojewe. Kuhesabu moyoni hadi 10 huonekana kuwa muda mrefu kwa anayeuliza, lakini kwa anayejibu ni muda wa kawaida. Inafaa pia kumtaarifu mtu mapema kabla ya kumtaja: “Baada ya maelezo haya tutaomba maoni ya upande wa Tokyo kuhusu ufungashaji.” Taarifa hiyo humwondolea aibu ya kushtukizwa na humpa muda wa kushauriana na wenzake. Kwa wadogo wa cheo, sehemu ya ujumbe wa faragha inayosimamiwa na msaidizi hufungua njia ambayo adabu ingeifunga. Msaidizi husoma swali bila kumtaja mwulizaji.

4.4 Hadhira Iliyogawanyika

Ugumu huongezeka pale baadhi ya wasikilizaji wanapokuwa chumba kimoja na mwasilishaji na wengine wakiwa mbali. Macho ya msemaji huvutwa na waliopo, utani huzungumzwa bila kipaza sauti, na walio mbali hugeuka watazamaji wa mkutano wa watu wengine. Ikiwa mwenye uamuzi ndiye aliye mbali, hasara ni kubwa. Kinga yake ni utaratibu: maswali yaanzie kwa walio mbali, kila swali la chumbani lirudiwe kwenye kipaza sauti, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwasemea wasioonekana.

4.5 Mtandao Unapodhoofika

Mwasilishaji hana mamlaka juu ya mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kwa hiyo kila wasilisho liwe na ngazi za kushukia zilizoelezwa mapema: video ikishindikana, sauti pekee, sauti ya mtandao ikishindikana, simu ya kawaida, na slaidi zenye namba ziwe zimekwisha kutumwa ili msemaji aweze kusema “Tazameni ukurasa wa 4.” Sauti ndiyo ya kulindwa kwanza. Picha ikiganda, hoja huendelea. Sauti ikikatika, hakuna wasilisho. Kifaa cha masikioni chenye kipaza sauti chake, kwa sababu hiyo, kina manufaa kuliko kamera ya bei kubwa.

4.6 Mwisho: Kuthibitisha Kilichoeleweka

Kauli ya “Asanteni kwa kunisikiliza” haimpi mwasilishaji ushahidi wowote. Mahali pake paombwe kauli kutoka upande wa pili: “Mtakapomweleza mkurugenzi wenu kesho, mtamwambia tunatoa nini na kwa masharti gani?” Jibu la swali hilo ndilo kipimo cha wasilisho zima. Mnunuzi akijibu kwamba bei iliyotajwa inajumuisha usafirishaji hadi Hamburg, wakati chama kilikusudia bei ya bandarini Dar es Salaam, kosa hilo hurekebishwa ndani ya dakika moja. Lisipogunduliwa hapo, litagunduliwa kwenye ankara, na chama kinaweza kupoteza mnunuzi au msimu. Siku hiyohiyo, muhtasari wa maandishi utumwe kwa washiriki wote, kwa kuwa maandishi yanarejewa na maneno ya mdomo hayarejewi.

5.0 Mipaka ya Kanuni Hizi

Kanuni zilizoelezwa zina gharama. Kipande kinachofungwa kwa tendo huchukua muda, hivyo mwasilishaji hulazimika kupunguza yaliyomo. Aliyezoea slaidi 40 hataweza kuzitumia zote. Upungufu huo, hata hivyo, ni wa kuonekana tu: slaidi ambazo hazikupokewa hazikuwa zimewasilishwa. Pili, mwitiko uliopangwa hauwezi kurudisha kila kitu. Uaminifu unaojengwa kwa kukaa meza moja, kutembelea shamba au kushikana mikono hauna mbadala kamili, na mikataba mikubwa huenda ikaendelea kuhitaji safari. Tatu, hadhira ya mamia haiwezi kuulizwa mmoja mmoja. Hapo mwitiko hukusanywa kwa kura na kwa ujumbe wa maandishi, na maelewano yanayopatikana huwa ya jumla. Kanuni hizi, kwa hiyo, zinafaa zaidi pale hadhira ni ndogo na uamuzi ni wa pamoja, hali ambayo ndiyo ya mawasilisho mengi ya biashara.

6.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kwamba kuishirikisha hadhira ya mbali ni kazi ya kuirudisha njia ya mwitiko iliyokatwa na vipaza sauti vilivyozimwa, kamera zilizofungwa, ucheleweshaji wa sauti, uchovu na adabu ya kunyamaza. Imebainika pia kwamba mwitiko una ngazi mbili: ule unaothibitisha kuwapo na ule unaothibitisha kuelewa. Mawasilisho mengi huishia katika ngazi ya kwanza, na hata hiyo huitafuta kwa swali la “Mnanisikia?” tu. Mwasilishaji anayetaka uamuzi wa haki juu ya hoja yake hana budi kuifikia ngazi ya pili, na kuifikia kabla muda wake haujaisha. Kwa chama cha Mbinga, tofauti baina ya ngazi hizo mbili hupimwa kwa magunia yaliyouzwa na kwa bei iliyomfikia mkulima.